Tarehe Mbili

Wakili Arrizon hataki neno "ulaghai" liandikwe hovyo.
"Lifute," aliniambia, kalamu nyekundu mkononi.
"Kuvunja mkataba si kudanganya.
Mtu huahidi kwa moyo safi, kisha akafilisika,
akaugua, akachoka, akapata kazi nono kwingine.
Huyo anadaiwa. Si laghai."
Nikalifuta. Mara kumi na tisa nililifuta,
yakabaki madai ya mkataba matupu,
makavu kama ardhi ya Fowler mwezi wa Agosti.

Hripsime Bezdikian alikuja na sanduku la viatu,
ndani yake risiti, hundi, picha ya mizabibu
iliyopandwa na baba yake alipofika California
bila neno la Kiingereza.
Alimlipa Ostrander arubuni, dola elfu sitini na mbili,
amchimbie kisima kipya, futi mia nane,
kabla mashada hayajaanza kujaa.
Kile cha zamani kilikuwa kinakohoa mchanga.
"Aliketi jikoni kwangu," akasema,
"akala vipande vitatu vya mkate wa tahini,
akafuta vidole, akanishika mkono:
Mtambo wangu uko uani, mama. Jumatatu naanza."

Jumatatu ikaja na vumbi.

Sheria haiulizi kama mama alilia.
Inauliza: nani alisema? Alisema nini hasa?
Siku gani, mahali gani, mbele ya nani?
Na swali la mwisho, lile linaloangusha wengi:
midomo ilipotamka, moyo ulikuwa wapi?
Nia haina risiti. Nia haipigwi muhuri.
Unaweza kumwona mtu ametoroka kazi;
humwoni akikusudia kutoroka
huku anatafuna mkate wako.
Ahadi ni deni, sawa.
Lakini aliyekuja kukopa na mfuko
alioutoboa mwenyewe njiani,
je, alikopa, au aliiba?

Wakili wa Ostrander alijibu kwa kurasa kumi na moja.
Kwamba bei ya chuma ilipanda. Kwamba vibarua waliondoka.
Kwamba kifungu cha kumi na nne kinasema wazi
hakuna neno nje ya mkataba huu lenye uzito.
Kwamba mdai amelivika deni la kawaida joho la ulaghai
ili alipwe na fidia ya adhabu juu yake.
Ilikuwa imeandikwa vizuri.
Niliisoma, nikakaribia kuamini.

Kisha Alhamisi, saa moja jioni,
niko peke yangu na makaratasi waliyotukabidhi dakika za mwisho,
yamechanganywa kama karata,
bili ya simu juu ya leseni juu ya bima ya mbwa,
nikaona hati ya mauzo.
Mtambo mmoja wa kuchimbia visima, pamoja na lori lake.
Mnunuzi: wa Winnemucca, Nevada.
Tarehe ishirini na nane Machi.

Mkate wa tahini uliliwa tarehe mbili Aprili.

Nilihesabu kwa vidole, kama mtoto.
Siku tano.
Siku tano uani hamkuwa na kitu
ila alama za magurudumu na doa la mafuta,
naye akasema uko.
Hakusema utakuja, hakusema utapatikana.
Uko.

Sikumpigia wakili mara moja.
Nilifungua faili, nikatafuta pale nilipofuta,
nikalirudisha lile neno, herufi moja moja.
Halikuhitaji mara kumi na tisa.
Mara moja tu, aya ya ishirini na mbili,
na tarehe mbili zikiwa ubavuni mwake.

Asubuhi Hripsime alipiga simu, kama kila Ijumaa,
akianza na hali ya mizabibu:
safu saba za magharibi zimekwisha,
zilizobaki anazimwagilia kwa maji ya kununua.
Nikamsomea hati. Akanyamaza sana,
nikasikia friji yake ikinguruma.
"Siku tano," akasema.
"Ndiyo maana aliusifu sana ule mkate.
Nami nikamfungia kipande cha njiani."